Nyankunde: shule iliyowapa Ituri wauguzi

Mama akitokwa damu nyingi usiku wakati wa kujifungua, katika kijiji cha kando ya Gety, cha kwanza kumwokoa si gari wala ndege. Ni muuguzi aliyefundishwa, aliye karibu. Ndiyo maana historia ya Nyankunde inawahusu watu wa Walendu Bindi sawa na watu wa Andisoma.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Kongo haikuwa na daktari Mkongomani hata mmoja. Wabelgiji walikuwa wamefundisha wauguzi na wasaidizi wa waganga tu. Vurugu zilipoanza, waganga wengi wazungu waliondoka. Shirika la Afya Duniani likasaidia kupeleka wasaidizi hao Ufaransa wakasomee udaktari.

Mwaka 1964 uasi wa Simba ulivuruga hospitali za misheni huku kaskazini-mashariki. Baada ya hapo, misheni kadhaa za Kiprotestanti zilikubaliana kuunganisha nguvu Nyankunde: hospitali moja kubwa, pamoja na shule. Daktari Carl Becker, Mmarekani aliyetumika miaka mingi Oicha, alikuja hapo. Daktari Helen Roseveare, Mwingereza aliyeshikwa mateka na Simba, alirudi mwaka 1966 akafundisha mpaka 1973. Wauguzi waliotoka pale walienda kufanya kazi mbali na mji.

Kisha vita. Tarehe 31 Agosti 2002, wapiganaji wa UPC waliua watu wengi Songolo. Tarehe 5 Septemba, wapiganaji Wangiti pamoja na askari wa APC waliingia Nyankunde. Wagonjwa waliuawa vitandani. Shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba watu wasiopungua 1,200 waliuawa. Walionusurika, wauguzi wakiwemo, walitembea zaidi ya kilomita 100 mpaka Oicha. Shule ikaendelea kufundisha upande wa Beni, mbali na Irumu.

Hasara ile haikuchagua kabila. Mwaka 2006, makumi ya maelfu ya wahami walipojaa Gety, nao walihitaji wauguzi na wapasuaji. Waganga wa MSF walikuja kusaidia, na msaada wao ulikuwa mkubwa. Lakini mgeni ana siku yake ya kurudi. Ikifika siku hiyo, anayebaki zamu ya usiku ni mtoto wa nchi, kama alipata pa kusomea.

Hospitali ya Nyankunde ilijengwa upya. Na tarehe 28 Februari 2020, serikali na FRPI walitia sahihi mapatano ya amani palepale Gety. Bati lililoibwa linaweza kurudishwa juu ya nyumba kwa siku moja. Muuguzi wa A2 anataka miaka minne ya shule, na mwalimu aliye hai wa kumfundisha. Anayechoma hospitali ya jirani leo, kesho mke wake atabebwa kwa kipoyi akitafuta hospitali hiyohiyo.