Bunduki Isiyo na Chapa: Namna ya Kuitambua na Kuikadiria

Miongoni mwa vitu vya kale vilivyosalia katika nchi zetu, bunduki ndiyo isemayo mengi, na ndiyo isingiziwayo mengi. Ina vipande vingi, na kila kipande kina umri wake unaoweza kupimwa. Taabu huanza pale inapokosa jina la fundi, namba na mwaka. Hapo watu huliziba pengo kwa hadithi. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba bunduki isiyo na chapa si bubu, na kwamba majina ambayo Kiswahili kilizipa silaha hizi ni ufunguo ambao mwalimu wa lugha anao tayari mkononi.

Natuchukue mfano wa kukisia. Mzee mmoja wa Buwenge, mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Jinja kwenda Kamuli, ameachiwa na babu yake bunduki isiyo na alama yoyote. Jamaa zake husema kuwa ilipatikana katika vita vya Luba. Vita hivyo ni vya kweli. Mwezi wa Septemba 1897, askari wa Kisudani waliokuwa katika msafara wa Meja Macdonald waliasi, na mwezi wa Oktoba wakaingia Busoga, wakajiunga na wenzao katika ngome ya Luba, kando ya ziwa, mashariki ya Jinja. Tarehe 19 ya mwezi huo walipigana na kikosi cha Macdonald, ambacho sehemu yake kubwa ilikuwa Waswahili kutoka pwani. Katika mwezi wa Desemba alikufa hapo George Pilkington, mfasiri wa Biblia ya Kiganda. Mwezi wa Januari 1898 waasi waliihama ngome wakakimbilia kaskazini. Je, bunduki ya mzee huyu yaweza kuwa ilikuwako?

Kabla ya kujibu, yapasa kutaja mambo mawili ya lazima. Kwanza, sheria ya silaha ya Uganda ya mwaka 1970 haikuruhusu mtu kukaa na bunduki bila cheti. Kwa hiyo polisi waarifiwe kabla ya fundi. Pili, bunduki ya kale ihesabiwe kuwa ina risasi ndani hadi ithibitike vinginevyo. Kwa bunduki ya kushindiliwa mdomoni, fundi huingiza ufito ndani ya mtutu mpaka ugote, akaupima nje ya mtutu. Ufito ukikoma mbali na mwisho wa mtutu, huenda baruti ya babu ingali imelala humo.

Sasa tuingie katika majina. Neno bunduki lenyewe lina asili ya Kiarabu: bunduq ni kokwa, jina likahamia kwenye kidonge cha risasi, kisha kwenye chombo kikitupacho. Wahenga wa pwani waliainisha bunduki kwa kuuliza swali moja: moto huifikiaje baruti? Bunduki ya mrao huwashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume huwashwa kwa cheche za jiwe lipigalo chuma. Bunduki ya fataki hupigwa nyundo juu ya kijikofia chenye dawa ilipukayo. Bunduki ya viasi hutiwa kwa nyuma, risasi, baruti na fataki zikiwa pamoja ndani ya ganda moja. Hivi ndivyo aanzavyo fundi wa leo kuipanga silaha asiyoijua: hutazama mtambo kabla ya kutafuta jina.

Mpango huo wafuata pia historia ya Afrika ya Mashariki. Wafanyabiashara wa pwani walifika Buganda katika miaka ya 1840, wakati wa Kabaka Suna, na bunduki zilizopita njia hiyo zilikuwa za kushindiliwa mdomoni. Mwaka 1862 Speke alimpa Mutesa bunduki ya Whitworth pamoja na nyinginezo, na mwaka huohuo akafika penye maporomoko ya Jinja. Biashara ilikua mno, hata mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja aliandika kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikiingia kwa mwaka. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha kati ya digrii 20 kaskazini na 22 kusini ya Ikweta, lakini ukaziachia bunduki za gumegume zisizo na michirizi ndani ya mtutu. Gumegume, ambayo majeshi ya Ulaya yalikwisha iacha tangu miaka ya 1840, ikaendelea kuuzwa kwetu kwa idhini ya mkataba. Ndiyo maana gumegume lililokutwa Busoga halithibitishi kuwa ni la miaka ya 1700 wala ya 1840.

Bunduki za viasi hutambulikana kwa namna zifungukavyo. Snider, iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1866, ina kifuniko kifungukacho kuelekea kulia kama mlango wa sanduku. Lugard alikuja Kampala na bunduki za namna hiyo mwaka 1890. Remington, iliyokuwa silaha ya majeshi ya Misri na ya Wasudani wa Emin Pasha, ina nyundo na kizibo vizungukavyo kwenda nyuma. Martini-Henry ya 1871 haina nyundo ya nje. Wenzo ulio chini huteremsha kizibo. Kama kutu imevila vyote hivyo, hutazamwa ndani ya mtutu. Snider ndefu ina michirizi mitatu, Martini-Henry saba, Mauser aghalabu minne.

Fumbo lililo gumu zaidi ni bunduki ya kuagizwa, yaani ile iliyotengenezwa kwa kipimo cha mtu mmoja, kama kanzu ishonwavyo na fundi. Mbale na Karamoja zilizijua bunduki hizo. Mwanzoni mwa karne ya 20 wawindaji wa tembo walipita huko wakitafuta pembe, na maarufu kati yao ni W.D.M. Bell, aliyetumia bunduki nyembamba za Rigby wa London zenye mtambo wa Mauser wa Ujerumani. Bunduki ya namna hii huweza kukosa jina kwa sababu nyingi: mafundi wa Birmingham waliwauzia wenye maduka silaha tupu ili waandike majina yao wenyewe, au mtutu ulibadilishwa, au mtu alilikwangua jina kwa tupa. Lakini fundi mjuzi huuvua mti na kutazama chini ya mtutu. Pale hujificha alama za majaribio ya nguvu: za London, za Birmingham, au herufi ELG za Liège huko Ubelgiji, ambazo tangu 1893 zina taji juu yake. Vibao vya shabaha vikihesabu yadi, bunduki ilikusudiwa Mwingereza. Vikihesabu mita, huenda ni ya watu wa bara. Na namba moja tu yaweza kutosha, kwa kuwa nyumba za mafundi wakubwa wa London zimehifadhi madaftari ya wateja wao.

Turudi kwa mzee wa Buwenge. Ikiwa bunduki yake ni Snider, Remington au Martini-Henry, hadithi ya Luba yawezekana, ingawa haijathibitika. Ikiwa ni Mauser yenye komeo lenye kishikio cha tatu upande wa nyuma, huo ni mtambo wa mwaka 1898, nao waasi walikwisha ondoka Luba Januari ya mwaka huo. Hadithi yaanguka. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa mwongo si lazima awe mzee. Huenda ni neno. Kwa maana maneno nayo huhama. Gobori lilikuwa jina la bunduki ya kale ya kushindilia, na leo huitwa hivyo hata bunduki ya bomba iliyofuliwa kijijini. Gumegume limekuwa tusi kwa mume asiyefaa kitu. Msimulizi asemapo babu alikuwa na gobori, tumwulize moto uliingiaje.

Kuhusu thamani, soko hupenda silaha isiyoguswa. Kuisugua kutu kwa msasa ni kufuta fedha na ushahidi pamoja. Mnunuzi hulishusha bei tako lililovunjika likafungwa kwa ngozi mbichi au waya wa shaba, kwa kuwa si la asili. Mwanahistoria husema kinyume chake: ngozi ile ni kazi ya mhunzi wa hapa, nayo ndiyo chapa pekee ambayo bunduki ilipata katika nchi yetu. Bunduki ya Rigby yenye jina kamili ina bei kubwa London. Gobori bovu lenye kiraka cha Busoga lina habari ambazo London haina.

Walimu wenzangu, Kiswahili katika Uganda kimelaumiwa mara nyingi kuwa ni lugha ya wenye bunduki. Lawama hiyo haifutwi kwa kunyamaza. Tuwafundishe wanafunzi mrao, gumegume, fataki na viasi kwa maana zake halisi, nao waende kwa wazee na kuandika majina waliyoyasikia kabla hayajafukiwa. Bunduki zenyewe zikabidhiwe panapostahili, jumba la makumbusho la Kampala likiwa mojawapo. Maneno yabaki kwetu.