"Wa" ya Mwisho Katika VIWAWA

Jumapili, baada ya misa ya pili, mnada wa sadaka umekwisha. Jogoo mmoja kauzwa mara tatu, maana kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena. Nyuma ya kanisa vijana wamekunja suruali, wanashindilia udongo kwenye kibao cha kufyatulia tofali. Waulize ni akina nani, watakujibu VIWAWA. Waulize kirefu chake, na wengi watataja Vijana Wakatoliki kisha waanze kutazamana. "Wa" ya mwisho ni Wafanyakazi, na chama chenyewe kilianzia kwao.

Kilianzia Ubelgiji. Joseph Cardijn, mtoto wa muuza makaa ya mawe, alizaliwa mwaka 1882. Yeye alikwenda seminari, wenzake aliosoma nao wakaenda viwandani wangali wadogo. Aliporudi likizo, walimkwepa: kwao alikuwa keshahamia upande wa wakubwa. Jambo hilo lilimuuma. Baba yake alipokuwa akikata roho mwaka 1903, Cardijn aliapa kuwatumikia wafanyakazi maisha yake yote.

Alipata upadre mwaka 1906, na mwaka 1912 akapangiwa parokia ya Laeken, Brussels. Huko hakutanguliza mahubiri, alitanguliza maswali. Unaingia kazini saa ngapi? Unalipwa nini? Msimamizi anakutendeaje? Majibu yakapimwa kwa Injili, kisha kila mmoja akaondoka na jambo la kufanya. Ndiyo ile Ona, Amua, Tenda wanayoitamka vijana wetu hadi leo. Mwaka 1925 Papa Pius XI alikibariki chama kilichozaliwa na njia hiyo, huku baadhi ya wakubwa wa Kanisa la Ubelgiji wakikitilia shaka. Walei wawili walioanza na Cardijn, Fernand Tonnet na Paul Garcet, walifia katika kambi ya Wanazi ya Dachau mwaka 1945. Hakikuwa chama cha kupiga makofi na kwenda nyumbani.

Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII aliiweka njia hiyo ya hatua tatu katika waraka wake Mater et Magistra. Cardijn akafanywa kardinali mwaka 1965, akafariki Julai 1967.

Februari ya mwaka huohuo Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha, na Machi Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa misa za asubuhi, akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Kanisa nalo halikuweza kuendelea kungoja fedha za Ulaya. Miaka ya 1970 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu ya Afrika Mashariki, walihimiza jumuiya ndogondogo, wakitaka Kanisa linalojiendesha na kujitegemeza. Bustani ya mchicha na banda la kuku la vijana vikapata maana nyingine: mahali pa kujifunzia kazi na imani kwa pamoja.

Kinachoyaangusha mabanda mengi, nionavyo mimi, ni hatua ya katikati kurukwa. Vijana wanaona shida, wanatenda kwa haraka, na Amua haikukaliwa kikao. Hakuna aliyeuliza chanjo ya mdondo itatolewa lini, wala chakula kitanunuliwa na nani mwezi wa pili. Kuku wanakufa, lawama inamwendea shetani.

Basi mzazi, jogoo wa mnada akiletwa Jumapili ijayo kuchangia mradi wa vijana, mnunue. Kisha nenda nyuma ya kanisa, uombe kuona daftari la mipango yao.