Kumi ya Miguu

Mwaka 2011 bei ya unga ilipanda vibaya, na mamangu akaongeza shilingi kumi kwa kila sahani inayopelekwa kwa mteja. Alikuwa na kibanda Mukuru, upande unaopakana na Industrial Area, na wateja wake wengi walikuwa mafundi wa gereji za karibu na barabara ya Lunga Lunga. Mpelekaji nilikuwa mimi, Jumamosi na wakati wa likizo.

Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kulipia kupelekewa. Madondo na chapati mbili ilikuwa hamsini, ule kwa benchi la mama ama uletewe hadi chini ya lori. Ile kumi ikaleta kelele. Fundi mmoja aliniuliza hiyo ndoo yangu inakunywa mafuta gani. Siku ya tatu wakaungana: saa saba wanamtuma kijana wa gereji na ndoo yao, anabeba sahani kumi na mbili, hakuna anayelipa kumi. Kabla wiki iishe, yule kijana akaanza kudai chapati ya bure kwa kila safari. Mamangu akacheka. "Sasa wamejua miguu hula."

Nasimulia haya kwa sababu tukilalamika kuhusu ada ya deliveri Nairobi, tunaongea kana kwamba ilizaliwa na simu. Chakula kimetembea mji huu miaka mingi. Kilitembea kwa miguu ya watoto, na ya akina mama wa githeri wanaofuata mjengo popote ulipo. Gharama ilikuwepo, ila ilimezwa na mtu asiyeandika risiti.

Kilichobadilika kwanza ni chombo. M-Pesa ilianza Machi 2007, na mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250. Boda zikajaa, na ungeweza kumlipa mtu aliye mbali bila kumwona. Baadaye zikaja programu za simu: Hellofood, iliyogeuka kuwa Jumia Food mwaka 2016, kisha Uber Eats 2018 na Glovo 2019. Zilikuja na ofa za deliveri ya bure, nasi tukazoea. Hiyo bure ililipiwa na pesa za wawekezaji, na kamisheni iliyokatwa mikahawa. Mikahawa mingine nayo ikaificha kamisheni ndani ya chakula, hadi kuku wa mezani na kuku wa simu wakawa na bei mbili.

Machi 2020 ikaja kafyu, kuanzia saa moja jioni. Kwa wiki kadhaa mikahawa haikuruhusiwa kukalisha watu. Ilibaki kuuza ya kubeba au kupeleka. Hata ile ambayo haikuwahi kufikiria boda ikatafuta boda.

Mimi niliingilia hapo. Mwaka 2021 karo ilinishinda, nikaacha chuo nikiwa mwaka wa pili, nikaazima pikipiki ya binamu yangu na kuanza kupeleka chakula cha mkahawa mmoja wa South B. Mkahawa ulipoanza kutoza 150 ya deliveri, wateja wakaleta vituko. Kuna ploti iliyoagiza kwa pamoja, milango sita, ada moja. Kuna jamaa aliyetaka tukutane katikati ya njia, eti na ada iwe nusu. Mama mmoja mtu mzima wa South C aliniuliza getini, "Hii mia na hamsini ni yako, kijana wangu?"

Ningesema ndiyo. Nikamwambia themanini ndiyo yangu, na mafuta ni juu yangu.

Akafikiria kidogo, akaniomba namba. Tangu siku hiyo aliagiza kama mtu anayekuja kujichukulia mwenyewe, kisha ananipigia mimi nimpelekee, na ananitumia mia. Yeye ameokoa hamsini, mimi nimeongeza ishirini. Wiki ya tatu meneja akagundua. Jioni hiyo nikarudisha jaketi yao.

Mwaka 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Septemba lita ya petroli ikapita shilingi 200 Nairobi. Desemba Jumia ikatangaza kufunga Jumia Food katika nchi saba, Kenya ikiwemo, kwa kuwa biashara hiyo haikuwa ikileta faida. Kampuni ya ukubwa huo ilishindwa na hesabu ambayo mamangu alipiga kwa vidole.

Siamini kwamba sisi ni wachoyo. Anayepiga kelele kuhusu 150 ndiye huyo huyo anayemwambia mtu wa boda abaki na chenji. Kinachomchoma ni kutojua analipa nani.

Kule gereji mambo yaliisha hivi. Yule kijana alichoka, hata chapati haikumshawishi tena, na oda zikarudi kwetu. Mama akatoa sheria mpya: hamsini ya chakula ni yake, kumi inawekwa mkononi mwa anayebeba. Wa kwanza kunilipa alikuwa yule fundi wa mafuta ya ndoo. Sarafu ilikuwa nyeusi kwa grisi. Hakuuliza kitu.