Mechi ya Nyota wa Ligi Kuu ya Besiboli

Mechi ya Nyota wa Ligi Kuu ya Besiboli ni mchezo wa kila mwaka unaokutanisha wachezaji bora wa ligi mbili zinazounda Ligi Kuu ya Besiboli (MLB) ya Marekani na Kanada, yaani Ligi ya Marekani (AL) na Ligi ya Taifa (NL). Kwa kawaida huchezwa mwezi Julai, katikati ya msimu. Mechi ya kwanza ilifanyika mwaka 1933. Hadi mwaka 2025 zilikuwa zimechezwa mechi 95: AL ilishinda 48, NL ilishinda 45, na 2 zilimalizika kwa sare.

Matokeo ya mechi hii hayaingizwi katika msimamo wa ligi. Hata hivyo, uteuzi wa wachezaji wake huzua mabishano kila mwaka. Kuchaguliwa ni heshima inayobaki katika kumbukumbu za mchezaji hata baada ya kustaafu. Mikataba mingi humpa bonasi mchezaji anayeteuliwa, na idadi ya mara alizoteuliwa hutajwa anapofikiriwa kuingizwa katika Jumba la Watu Mashuhuri la Besiboli huko Cooperstown, New York.

Historia

Wazo la mechi hii lilitoka kwa Arch Ward, mhariri wa michezo wa gazeti la Chicago Tribune. Alitaka uwepo mchezo mkubwa wa kuambatana na maonyesho ya kimataifa yaliyokuwa yakifanyika Chicago. Mechi ilichezwa tarehe 6 Julai 1933 katika uwanja wa Comiskey Park. AL, chini ya meneja Connie Mack, iliishinda NL ya John McGraw kwa 4–2. Babe Ruth alipiga homurani ya kwanza katika historia ya mechi hii, yaani mpigo unaomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote na kupata alama.

Ilikusudiwa kuwa ya mara moja tu, lakini ilipendwa ikawa ya kila mwaka. Mwaka 1945 haikuchezwa kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kuanzia 1959 hadi 1962 zilichezwa mechi mbili kila mwaka.

Wachezaji Weusi

Mwaka 1933 hakuna Mmarekani Mweusi aliyeweza kuchaguliwa, hata angekuwa hodari kiasi gani, kwa sababu timu za ligi kuu hazikuwa zikiwasajili. Mwaka huohuo, tarehe 10 Septemba, Ligi za Weusi zilianzisha mechi yao ya nyota kati ya Mashariki na Magharibi, katika uwanja uleule wa Comiskey Park. Mashabiki walichagua wachezaji kwa kura zilizochapishwa na magazeti ya Wamarekani Weusi, yakiwemo Pittsburgh Courier na Chicago Defender. Magharibi ilishinda 11–7. Mechi hiyo ilikua haraka, na mwaka 1943 ilihudhuriwa na watu zaidi ya 50,000.

Jackie Robinson alivunja ubaguzi huo katika ligi kuu mwaka 1947. Miaka miwili baadaye, mwaka 1949, wachezaji Weusi walishiriki Mechi ya Nyota kwa mara ya kwanza: Robinson, Roy Campanella na Don Newcombe upande wa NL, na Larry Doby upande wa AL.

Utaratibu wa uteuzi

Swali la nani ana haki ya kuchagua limejibiwa kwa njia tofauti:

- 1933–1934: mashabiki pamoja na mameneja.
- 1935–1946: mameneja peke yao.
- 1947–1957: mashabiki walichagua wachezaji wa kuanza, isipokuwa warushaji.
- 1958–1969: mameneja, makocha na wachezaji wenyewe.
- Tangu 1970: mashabiki tena huchagua wachezaji wa kuanza.

Kwa sasa kila kikosi kina wachezaji 32, yaani warushaji 12 na wengine 20. Kura za mashabiki hupigwa mtandaoni kwa awamu mbili. Katika awamu ya kwanza, anayeongoza kwa kura katika kila ligi hupata nafasi moja kwa moja. Waliobaki huchujwa hadi wawili kwa kila nafasi, au sita kwa nafasi tatu za walinzi wa eneo la nje, kisha kura hupigwa tena. Wachezaji wa akiba na warushaji huteuliwa kwa kura za wachezaji wenzao na kwa uamuzi wa Ofisi ya Kamishna. Mrushaji wa kuanza huchaguliwa na meneja wa kikosi.

Ni lazima kila moja ya timu 30 za ligi kuu iwe na mchezaji asiyepungua mmoja.

Kashfa za kura

Mwaka 1957 mashabiki wa Cincinnati walijaza kura kwa wingi hata wachezaji saba kati ya wanane wa kuanza wa NL wakawa wa timu yao. Asiyekuwa wa Cincinnati alikuwa Stan Musial wa St. Louis peke yake. Gazeti moja la mji huo lilikuwa limechapisha kura zilizokwisha kujazwa majina, na ilibainika kwamba zaidi ya nusu ya kura zote zilitoka Cincinnati. Kamishna Ford Frick aliwaondoa Gus Bell na Wally Post katika kikosi cha kuanza na kuwaweka Willie Mays na Hank Aaron. Baada ya hapo mashabiki walinyang'anywa haki ya kupiga kura kwa miaka kumi na mbili.

Hali kama hiyo ilijitokeza mwaka 2015, mwaka ambao kura zilipigwa mtandaoni pekee. Kuna wakati wachezaji wanane wa Kansas City Royals walikuwa wakiongoza katika nafasi zao. Uongozi wa ligi ulifuta kura zaidi ya milioni 60 zilizotiliwa shaka. Mwishoni Royals walipata nafasi nne za kuanza. Watetezi wao walikumbusha kwamba timu hiyo ilikuwa imefika fainali mwaka uliotangulia, na baadaye mwaka huohuo wa 2015 ikatwaa ubingwa.

Mabishano kuhusu vigezo

Umaarufu au kiwango. Wapo wanaosema mechi ni ya mashabiki, hivyo wachague wanayetaka kumwona. Wengine husema kura hugeuka shindano la miji mikubwa na majina makubwa. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Terry Steinbach, mdakaji wa Oakland, aliyechaguliwa na mashabiki mwaka 1988 huku wastani wake wa kupiga ukiwa 0.217 tu. Alilaumiwa sana kabla ya mechi. Siku ilipofika alipiga homurani, akachangia alama zote mbili za AL katika ushindi wa 2–1, na akatangazwa mchezaji bora wa mechi.

Nusu msimu au maisha yote ya uchezaji. Msimu una mechi 162, na uteuzi hufanyika wakati sehemu kubwa ya mechi hizo bado haijachezwa. Mchezaji wa kawaida anaweza kung'ara kwa miezi mitatu, na aliye bora kwa miaka kumi akaanza vibaya. Mwaka 2001 mashabiki walimchagua Cal Ripken Jr. wa Baltimore, aliyekuwa akicheza msimu wake wa mwisho. Alipiga homurani na kuwa mchezaji bora wa mechi. Tangu 2022 Kamishna anaweza kuongeza wachezaji wakongwe kwa heshima, kama alivyofanya kwa Albert Pujols na Miguel Cabrera mwaka huo, na kwa Clayton Kershaw mwaka 2025.

Upande wa pili wa suala hilo ulionekana mwaka huohuo wa 2025. Mrushaji chipukizi Jacob Misiorowski wa Milwaukee aliitwa kujaza nafasi baada ya kucheza mechi tano tu katika ligi kuu. Wachezaji kadhaa wa timu nyingine walilalamika kwamba wenzao waliofanya kazi tangu mwanzo wa msimu wameachwa.

Mwakilishi wa kila timu. Kanuni hii huhakikisha kwamba shabiki wa timu dhaifu naye ana mtu wa kumshangilia. Gharama yake ni kwamba timu iliyo mkiani hupata nafasi hata kama haina mchezaji wa kiwango hicho, na mchezaji wa tatu au wa nne wa timu bora hukosa. Wapinzani wanaona haki ya mchezaji imetolewa sadaka. Watetezi wanaona kwamba bila kanuni hiyo mechi ingekuwa ya timu chache tajiri.

Uzito wa matokeo

Mwaka 2002 mechi iliyochezwa Milwaukee ilisimamishwa ikiwa 7–7 baada ya vipindi 11, kwa kuwa timu zote mbili zilikuwa zimeishiwa warushaji. Mashabiki walizomea. Ili kuipa mechi uzito, kuanzia 2003 hadi 2016 ligi iliyoshinda ilipewa faida ya uwanja wa nyumbani katika fainali za ubingwa. Kanuni hiyo ilikosolewa kwa sababu wachezaji waliochaguliwa kwa umaarufu, au kwa kuwakilisha timu dhaifu, waliweza kuathiri fainali isiyowahusu. Ilifutwa kuanzia msimu wa 2017.

Siku hizi mechi ikiwa sare baada ya vipindi tisa, mshindi hupatikana kwa shindano fupi la kupiga homurani. Njia hiyo ilitumika kwa mara ya kwanza mwaka 2025 huko Atlanta. Mechi ilikuwa 6–6, NL ikashinda shindano hilo kwa 4–3, na Kyle Schwarber akawa mchezaji bora.