Mkono uliogeuza madishi ya Dodoma

Kabla ya ving'amuzi, kubadilisha stesheni kungeweza kumtoa mtoto nje ya nyumba. Baba yuko sebuleni, macho kwenye runinga iliyojaa chenga; kijana yuko uani, ameshika ukingo wa dishi lenye upana wa mita mbili au tatu. "Sogeza! Tena! Rudisha kidogo! Acha hapo hapo!" Wakishapata picha wanaomba Mungu iendelee kukaa, maana upepo wa Dodoma haukawii kuharibu kazi hiyo.

Aliyempumzisha yule kijana ni mkono wa mota, au aktueta kwa wanaosoma vitabu vya ufundi. Ukiutazama ni mabomba mawili, moja ndani ya jingine, na mota ndogo imefungwa ubavuni. Ndani kuna skrubu ndefu. Mota ikizunguka, skrubu nayo inazunguka, na nati iliyoshikana na bomba la ndani inasukumwa mbele au kuvutwa nyuma. Ukibadilisha nyaya mbili za mota, chanya ikawa hasi, mkono uliokuwa unatoka unaanza kurudi.

Kwa nini chombo hicho kilihitajika huku katikati ya nchi? Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini kwa bara serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa ni anasa. Mlango ulifunguliwa na sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, na mwaka uliofuata ITV, CTN na DTV zikaanza kuonekana. Zikaonekana Dar es Salaam, yaani. Mnara wa Dar hauwezi kurusha picha hadi Dodoma, kilomita 450 hivi kwa barabara, hata ukiubembeleza. Mwenye pesa zake alinunua dishi la wavu akatafuta stesheni za Kiarabu, za Kihindi na za Kifaransa zilizokuwa zikipatikana bure angani.

Na anga la Dodoma lina neema yake. Setilaiti za utangazaji zimejipanga juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, zikienda sambamba na mzunguko wa dunia. Mwingereza Arthur C. Clarke alilieleza wazo hilo kwa maandishi mwaka 1945, kabla hata setilaiti moja haijarushwa. Mji uliopo nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta unaiona foleni hiyo karibu na utosi. Setilaiti ya nyuzi 36 mashariki, ambayo ndiyo longitudo ya Dodoma yenyewe, ukiwa Miyuji hapa Dodoma utaikuta kwenye mwinuko wa nyuzi 83 hivi, na dishi linaloilenga karibu lilale chali. PAS-4, iliyorushwa mwaka 1995 na kuwekwa nyuzi 68.5 mashariki, ilitaka dishi lilale upande hadi mwinuko wa nyuzi 51. Kutoka huku kwenda kule ni safari ndefu kwa dude zito la chuma.

Kusukuma, basi, hakukuwa tatizo. Mota ya volti 36 ilitosha kabisa. Kazi ilikuwa kujua mkono umefika wapi. Dishi la mita 2.4 likikosea nyuzi mbili, picha imekwenda, na mkono wenyewe uko gizani nje, hauna macho. Waliobuni mikono hiyo waliliona hilo, ndiyo maana kebo yake haikuwa na nyaya mbili pekee. Mbili nene zilipeleka umeme wa mota. Nyembamba zilirudisha habari. Ndani ya kichwa cha mota kulikuwa na gurudumu dogo lenye sumaku, na pembeni yake kiswichi cha kioo kinachofunga kila sumaku inapopita. Kila mfungo ni hesabu moja. Kisanduku cha sebuleni kilihesabu: setilaiti hii iko kwenye 120, ile iko kwenye 310. Ukibonyeza rimoti, kinaendesha mota mpaka hesabu itimie.

Hesabu hiyo ilikuwa na maadui wengi. Umeme ukikatika mkono ukiwa njiani, mota ilijizungusha kidogo kabla ya kusimama, na mizunguko ile ya mwisho haikuandikwa popote. Waya ulioungwaungwa uliokota kelele na kisanduku kikazihesabu kama mizunguko halali. Baada ya siku kadhaa mambo yote yamehama, na fundi anaitwa kuanza upya kutoka mwisho wa mkono, ambako swichi ndogo ya kikomo hukata umeme ili skrubu isijivunje. Nathubutu kusema mafundi wa madishi wa miaka ile walilipwa zaidi kwa kusahihisha hesabu kuliko kwa kufunga vyuma.

Nje ya madishi, mikono hii ilikuwa na ukoo mwingine. Kampuni ya LINAK ya Denmark husimulia kwamba mwanzilishi wake, Bent Jensen, alitengeneza wa kwanza mwaka 1979 kumsaidia rafiki aliyetumia kiti cha magurudumu. Vitanda vya hospitali vinavyoinuka kwa kubonyeza kitufe vinatumia mkono wa aina hiyo.

Dodoma, mkono wa dishi uliuawa na urahisi. DStv ilianza mwaka 1995 na baadaye ikatulia kwenye ile setilaiti ya nyuzi 36. Mwanzoni mwa 2013 matangazo ya analojia yakazimwa mjini hapa, na Desemba mwaka huo Azam TV ikaja na kidishi kidogo kinachofungwa mara moja na kuachwa. Nani tena wa kugeuza?

Miyuji ya leo inajengwa kwa kasi, hasa tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na mikono inarudi kwa njia nyingine. Geti la milango miwili linaloitikia rimoti linasukumwa na mkono. Trei za mashine ya kutotolesha vifaranga, zinazotakiwa kuinamishwa upande huu na ule mara kadhaa kwa siku, mkono unaziweza. Ule wa zamani wa volti 36 ukiuunga kwenye betri ya volti 12 unatembea polepole, theluthi moja hivi ya mwendo wake, na kwa mayai polepole ndiyo inayotakiwa. Swichi ya kioo cha gari inatosha kuuamuru utoke na kurudi. Anayetaka ujiendeshe mwenyewe huweka rilei mbili na kibao cha Arduino.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa palepale walipojikwaa wazazi wao. Mikono mingi ya bei nafuu inayouzwa sasa haina sumaku wala kiswichi cha kuhesabu. Mtu anaiendesha kwa sekunde: sekunde kumi kwenda, sekunde kumi kurudi. Betri ikichoka, sekunde kumi hazifikishi tena mkono pale pale, na kila mzunguko unaongeza kosa dogo. Ukinunua mpya, uliza kama una nyaya za kurudisha taarifa. Kama hauna, uache ufike kwenye kikomo chake mara kwa mara ili uanze hesabu upya. Na weka fyuzi, kwa sababu mkono uliokwama hunywa umeme mpaka mota iungue.

Kama kuna dishi la wavu limebaki uani kwenu, usiliuze kwa kilo kabla ya kuupima mkono wake. Unga betri kwenye nyaya mbili nene. Ukitikisika, fungua kichwa, futa grisi iliyoganda na vumbi, weka mpya. Sumaku za kuhesabu huenda bado zimo.