Mahakama za Australia na Swali la Nani Asikilizwe

Merikebu za Kiingereza zilizotia nanga katika ghuba ya Sydney mwezi Januari 1788 zilileta wafungwa, askari, mbegu na mifugo, na pamoja nao hati ya kifalme iliyoanzisha mahakama mbili, moja ya jinai na nyingine ya madai, mahali ambapo bado hapakuwa na jengo hata moja la Kizungu. Mahakama ya jinai iliongozwa na afisa mmoja aliyetayarisha mashtaka na papo hapo akaketi kuyaamua, akiwa na maofisa sita wa jeshi la nchi kavu au la majini pembeni yake. Hapakuwa na juri, yaani jopo la raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Afisa wa kwanza kushika kazi hiyo, David Collins, alikuwa mwanajeshi ambaye hakuwa amesomea sheria. Mahakama hizo zilikuwa duni, lakini mbele yao lilijitokeza mara moja swali ambalo lingeziandama mahakama za nchi hiyo kwa zaidi ya karne mbili: ni nani anayehesabiwa kuwa mtu mbele ya sheria, akasikilizwa anapolalamika na akaaminiwa anapotoa ushahidi.

Jibu la kwanza lilikwenda kinyume na sheria yenyewe. Mwezi Julai 1788, Henry Kable na mkewe Susannah Holmes, ambao Uingereza ilikuwa imewahukumu kunyongwa kabla ya kuibadilisha adhabu hiyo kuwa uhamisho wa ng'ambo, walimshtaki Duncan Sinclair, nahodha wa merikebu iliyoitwa Alexander, kwa kupotea kwa furushi la mali zao lililonunuliwa kwa michango ya watu waliowahurumia. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, aliyehukumiwa kifo kwa kosa kubwa alihesabiwa kuwa amekwisha kufa kisheria, hivyo hakuweza kumiliki mali wala kufungua shauri. Mahakama ya madai ililisikiliza shauri lao hata hivyo, na ikamwamuru nahodha awalipe pauni 15. Uamuzi huo unastahili nafasi kubwa katika historia hii, kwa kuwa ulifungua njia ambayo wafungwa wengi waliipita baadaye kudai mishahara, madeni na mashamba, ingawa njia hiyo haikubaki wazi bila mapambano. Jeffery Hart Bent, jaji aliyeletwa na hati mpya ya mwaka 1814, alikataa kuwaruhusu mawakili waliowahi kuwa wafungwa wasimame mbele yake, na mgogoro huo ukaifanya mahakama yake ishindwe kufanya kazi mpaka serikali ya London ilipomwita arudi.

Msingi wa mfumo unaojulikana leo uliwekwa na sheria ambayo Bunge la Uingereza liliipitisha mwaka 1823, na kwa nguvu yake Mahakama ya Juu ya New South Wales ikafunguliwa mwezi Mei 1824 chini ya Jaji Mkuu Francis Forbes, sambamba na ile ya Van Diemen's Land, kisiwa ambacho sasa kinaitwa Tasmania. Sheria nyingine ya mwaka 1828 iliamuru kwamba sheria zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 25 Julai ya mwaka huo zitumike katika makoloni hayo mawili kadiri mazingira yalivyoruhusu. Msomaji wa Afrika Mashariki anaufahamu utaratibu huu wa kupokea sheria kwa tarehe, kwani Kenya iliipokea sheria ya Kiingereza kwa tarehe 12 Agosti 1897 na Tanganyika kwa tarehe 22 Julai 1920. Hata hivyo, ipo tofauti moja yenye uzito mkubwa. Katika Afrika Mashariki watawala walikuta makadhi, maliwali na mabaraza ya wazee, wakaziachia sheria za Kiislamu na za kimila nafasi, japo nafasi ya chini. Nchini Australia sheria za wenyeji, zilizokuwa zimeongoza maisha ya mamia ya jamii kwa maelfu ya miaka, hazikupewa nafasi yoyote, kwa sababu nchi ilichukuliwa kuwa imekaliwa na walowezi kwa amani kana kwamba haikuwa na mwenyewe.

Matokeo ya dhana hiyo yalionekana mapema. Mwaka 1836, katika shauri la Mwaborijini aliyeitwa Murrell, aliyeshtakiwa kumuua mwenyeji mwenzake, utetezi ulidai kwamba watu hao walikuwa na sheria zao na kwamba zile za Mfalme hazikuwafunga. Mahakama ya Juu ililikataa dai hilo, na tangu hapo mwenyeji akawa chini ya sheria ya Kiingereza hata katika mambo baina yake na jirani yake. Lakini sheria iliyomfunga hivyo ilikataa kumsikiliza. Tarehe 10 Juni 1838, mahali paitwapo Myall Creek, wachunga mifugo waliwaua wenyeji wasiopungua 28, wengi wao wakiwa wanawake, watoto na wazee. Mwanasheria Mkuu wa koloni, John Hubert Plunkett, aliwashtaki wanaume 11, na juri ikawaachia huru. Plunkett hakukubali mambo yaishie hapo, akawashtaki saba kati yao upya kwa kifo cha mtoto, wakatiwa hatiani na kunyongwa mwezi Desemba mwaka huohuo. Shahidi muhimu alikuwa George Anderson, mfungwa mlinda kibanda, ambaye miaka 50 kabla yake huenda asingesikilizwa katika mahakama yoyote ya Uingereza. Davey, kijana Mwaborijini aliyeyajua mauaji hayo, hakuruhusiwa kutoa ushahidi, kwa kuwa kiapo kilidai imani ya Mungu mwenye kuadhibu baada ya kifo, na yeye hakuwa Mkristo. Washtakiwa wanne waliobaki waliachiwa kwa kukosekana kwa shahidi. Jaribio la New South Wales la kuirekebisha kanuni hiyo mwaka 1839 lilikataliwa London, na ilipofika 1876 ndipo koloni hilo lilipowaruhusu wasiokula kiapo kutoa ushahidi kwa tamko tu. Ni vigumu kuisoma miaka hiyo 37 bila uchungu.

Makoloni sita yalipoungana kuwa shirikisho tarehe 1 Januari 1901, Katiba iliunda Mahakama Kuu ya Australia, iliyokutana kwa mara ya kwanza Melbourne mwezi Oktoba 1903 ikiwa na majaji watatu, Samuel Griffith akiwa Jaji Mkuu. Msomaji wa Kenya aangalie mpangilio wa majina: kule Mahakama ya Juu ni ya jimbo, na Mahakama Kuu ndiyo iliyo kileleni mwa nchi nzima. Ndani ya jimbo kesi ndogo huanzia kwa mahakimu, nzito zaidi huenda mahakama ya wilaya katika majimbo mengi, na nzito kabisa Mahakama ya Juu, ambayo pia husikiliza rufaa. Kwa kuwa Mahakama Kuu hupokea rufaa kutoka majimbo yote, Australia imekuwa na sheria moja ya maamuzi ya majaji, badala ya sheria tofauti kwa kila jimbo kama ilivyo Marekani. Mahakama nyingine za shirikisho zilikuja baadaye, zikiwemo Mahakama ya Familia iliyoanza 1976 na Mahakama ya Shirikisho iliyoanza 1977.

Kilele hicho, hata hivyo, kilikuwa na kingine juu yake. Baraza la Faragha la London, kamati ya majaji iliyosikiliza rufaa za mwisho kutoka makoloni, zikiwemo za Afrika Mashariki, liliendelea kupokea rufaa za Australia muda mrefu baada ya Kenya na Tanzania kujitoa. Njia hiyo ilifungwa kidogo kidogo mwaka 1968 na 1975, ikazibwa kabisa tarehe 3 Machi 1986. Baraza hilohilo ndilo lililotamka mwaka 1889, katika shauri lililohusu kipande cha ardhi cha Sydney, kwamba New South Wales ilikuwa karibu tupu ilipochukuliwa, na mwaka 1971 Jaji Blackburn, alipolikataa dai la wenyeji waitwao Wayolngu dhidi ya kampuni ya madini katika rasi ya Gove, alijiona amefungwa na maneno hayo, ijapokuwa yeye mwenyewe alikiri kwamba watu hao walikuwa na mfumo wa sheria ulio wazi.

Ilihitajika Mahakama Kuu ili dhana hiyo ivunjwe. Mwaka 1982 Eddie Koiki Mabo na wenzake wa kisiwa cha Mer, katika mlangobahari wa Torres, walifungua shauri kudai ardhi ya wazee wao. Jimbo la Queensland lilijaribu kulizima kwa sheria ya mwaka 1985, na Mahakama Kuu ikaibatilisha sheria hiyo mwaka 1988 kwa kura nne dhidi ya tatu kwa kuwa ilipingana na sheria ya shirikisho dhidi ya ubaguzi wa rangi. Ushahidi ulisikilizwa na Jaji Moynihan wa Queensland, na hapo swali la zamani likarudi kwa sura mpya, kwa sababu mashahidi walieleza mipaka na urithi kama walivyoambiwa na wazazi wao, ilhali kanuni hukataa ushahidi wa kusikia, yaani maneno ambayo shahidi hakuyashuhudia mwenyewe. Moynihan hakukubali dai la Mabo binafsi. Mabo alifariki mwezi Januari 1992, na tarehe 3 Juni mwaka huo majaji sita kati ya saba waliamua kwamba watu wa Mer walikuwa na haki juu ya ardhi yao, na kwamba haki ya namna hiyo ingeweza kuwa imesalia popote Australia ambapo serikali haikuifuta.

Bunge lilifuata kwa sheria ya mwaka 1993 iliyoweka utaratibu wa kudai milki ya wenyeji, na mahakama ikaanza kukaa porini na kando ya mito, wazee wakaonyesha mahali kwa vidole na kueleza nyimbo na miiko inayohusiana nako. Sheria hiyo ilisema kwanza kwamba mahakama haikufungwa na kanuni za ushahidi katika madai hayo. Marekebisho ya 1998 yakazirudisha kanuni hizo, isipokuwa pale mahakama itakapoamuru vinginevyo. Mwaka 2008 Sheria ya Ushahidi ya shirikisho nayo ilirekebishwa, na tangu wakati huo maneno ya mzee kuhusu kuwepo na maudhui ya sheria na mila za kundi lake hayawezi kukataliwa kwa sababu tu kwamba aliyapokea kutoka kwa waliomtangulia.