kupoteza mawasiliano
(umeme wa magari) Hali ya kompyuta moja ya gari kutosikika na zenzake mtandaoni. Msemo huu usichanganywe na *kuharibika*. Msimbo U0100 ni malalamiko ya kompyuta nyingine kwamba ile ya injini iko kimya. Huenda ni fyuzi tu iliyokatika, na anayekimbilia kununua kompyuta mpya humtia mwenye gari hasara ya bure.

Katika magari mengi yenye mtandao wa CAN, uliotangazwa na Bosch mwaka 1986, betri hutenganishwa kwanza, kisha ukinzani hupimwa baina ya pini 6 na 14 za soketi ya uchunguzi. Omu 60 ni dalili njema: rezista mbili za omu 120 zinaonekana. Omu 120 humaanisha rezista moja haifikiwi, aghalabu kwa waya kukatika. Zikikaribia sifuri, nyaya zimegusana.